Alizeti Nyuma ya Jiko

Alhamisi jioni

Hatimaye nikasema sawa, mawaridi meupe ya plastiki na vitambaa vya zambarau. Nimechoka. Tangu asubuhi tulikuwa kwa mpambaji pale Karatu mjini, na shangazi, mwenyekiti wa kamati ya harusi, ndiye anayeamua kila kitu.

Alizeti niliitaja mara moja tu. Mpambaji akacheka. "Dada, alizeti ni ya kukamua mafuta. Nani anaiweka ukumbini?" Shangazi akacheka kuliko yeye. Harusi yangu, rangi za kamati.

Nimefika nyumbani Qurus na vumbi hadi kwenye kope. Mama hakuuliza tumechagua nini. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko kwenye ule mstari wa alizeti niliodhani ni wa mbegu. Kumbe aliupanda baada ya mahari kupokelewa, akahesabu wiki ili zichanue siku ya harusi. Kila jioni alikuwa akizimwagilia maji ya kuoshea vyombo.

"Usimwambie shangazi yako," akasema. "Nataka ashangae mwenyewe."

Nimemwambia asante. Habari ya plastiki sijamwambia.