Gauni Jeusi la Goodness

Daa, Karatu.
Jumatano, 12 Juni 2024.

Mpendwa wifi yangu Dorkasi,

Habari za huko Songea? Goti lako limepata nafuu, au bado linakusumbua asubuhi? Sisi tu wazima, ila baridi imeanza na ukungu unatuchelewesha kuvuna maharage.

Binti yako Goodness amemaliza masomo ya ubunifu wa mavazi Dar es Salaam. Sendofu yake, ya kumuaga kabla ya ndoa, ni Jumamosi, tarehe 29, na mchumba ni yule Supeet wa Ololosokwan. Gauni la siku hiyo amelichora mwenyewe, akaniomba nilishone mimi. Wifi, gauni ni jeusi. Jeusi lote, hadi vifungo.

Juzi nililoweka kitambaa kisije kikasinyaa baadaye, nikakianika mbele ya nyumba kama ninavyofanya siku zote. Hakijakauka, jirani yetu Mama Qamara na wenzake wakaingia wamejitwika kuni na unga.

"Mama Goodness, pole sana. Ni nani tena?"

Nikawaambia hakuna aliyekufa, ni nguo ya sendofu.

"Ya sendofu! Unamwoza binti au unamzika? Na sisi tumeacha maharage shambani!"

Kuni walituachia. Unga wakarudi nao.

Jana akaja Nashipai, mama yake Supeet, kupanga mambo ya sherehe. Alipokiona kitambaa mezani alikipapasa, kisha akakitemea mate kidogo, kama wanavyobariki kwao. "Hii ni rangi ya wingu la mvua," akasema. "Mtoto huyu ameniheshimu." Sikumwambia habari za kuni.

Nikamuuliza Goodness mwenyewe anakusudia nini. "Mama, sikuwaza msiba wala mvua. Rangi nyingine zinapiga kelele. Nyeusi imetulia, mtu anauona mkato wa gauni." Hapo nikazidi kuchanganyikiwa, maana kama fundi najua ni kweli. Nimeandika kwenye shajara alichosema kila mmoja, nikasoma tena, na bado sijui nguo hii inasema nini.

Kitambaa nimekata. Mikono, kifua na mgongo viko mezani, lakini cherehani siigusi. Goodness amesema nikishindwa atapeleka kwa fundi wa Arusha. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana imeniuma. Nimeshonea mabinti wa watu miaka yote hii, wangu aende kwa mwingine? Lakini ndugu wa marehemu mume wangu watakaa mbele, nami nitakuwa nimemtoa binti yao kwa rangi niliyomlilia baba yake.

Wewe ni shangazi yake, na ndiwe uliyenivua nguo nyeusi tulipomaliza msiba wa kaka yako. Ukiona inafaa, njoo umvishe kwa mikono yako, na hakuna wa ukoo atakayeuliza. Ukiona haifai, mwambie wewe. Mimi sitaweza.

Nisalimie shemeji Yohani na watoto. Mwanangu Wilibrodi anakuamkia. Mungu akutunze, akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Evarista