Mkate wa Waldemar

Dada Jucileide,

Baridi ya huku Bolivia imenipasua midomo, ila sijambo. Tangu nianze kuhubiri, watu wananifungia milango tu. Jana, sikukuu ya wafu, bibi mmoja aitwaye Saturnina alinifungulia hata kabla sijabisha.

"Umekuja kuomba? Ingia!"

Nikadhani Mungu amenijibu. Kumbe siku hiyo yeyote anayepita huingia kumwombea marehemu wa nyumba, akapewa mkate. Mezani palikuwa na picha ya mumewe, Fortunato. Unajua kanisa letu haliombei wafu, basi nikasita.

"Wewe unajua kuomba, au kula tu?"

Nikafumba macho, nikaomba. Jina lililonitoka likawa Waldemar.

"Ndiye nani huyo?"

"Baba yangu. Alizikwa Agosti. Sikurudi nyumbani."

Hakunilaumu kama ulivyonilaumu wewe. Alichukua mkate mmoja wenye uso wa mtu, ambao huku huokwa kuwa mfano wa marehemu, akauweka kando ya ile picha.

"Akae na Fortunato."

"Baba alijua Kireno tu, bibi. Kihispania hakukijua."

"Atafundishwa. Wana kazi gani nyingine?"

Mchungaji usimwambie. Mama mwambie tu kwamba baba amepata mwenyeji.

Mdogo wako,
Adenilson