Jembamba Litoke

Jumatatu, 3 Agosti 1970

Mgongo wangu! Siku nzima nimeinama katika chumba cha mafaili. Bwana Duni, mkuu wa hospitali yetu ndogo hapa Mlandege, amesema rafu zimejaa na mchwa wameingia, kwa hiyo mafaili ya wagonjwa yaliyo mawili mawili yapunguzwe. Ukiona jina moja, baba mmoja, babu mmoja, kijiji kimoja – basi ni mtu yule yule, karani wa zamani alimfungulia faili mara mbili. Nene libaki, jembamba litoke. Nikauliza kama tuyasome kwanza. Akasema tukisoma tutamaliza mwakani. Tuko wawili tu, mimi na Miraji, na Miraji ana pumu.

Jumatano, 5 Agosti 1970

Herufi M. Kila mtu Mcha, kila mtu Mwanakheri. Vumbi limenikaa kooni, chai haiondoi. Nashika mawili, napima kwa vidole, moja linarudi rafuni, moja guniani. Miraji anasema hata mchicha sokoni watu huuchagua polepole kuliko hivi. Nimecheka, halafu nimeendelea. Miguu imevimba.

Ijumaa, 7 Agosti 1970

Nusu siku. Tumemaliza S. Sijui hata majina niliyoyashika leo.

Jumamosi, 8 Agosti 1970

Tumefika mwisho, alhamdulillahi! Magunia yote yamechomwa shimoni nyuma ya jiko. Bwana Duni kaja, kazitazama rafu, kasema vizuri sana Bi Mize. Nilifurahi, sitasema uongo. Nimelala tangu alasiri mpaka magharibi, viatu miguuni.

Jumanne, 11 Agosti 1970

Bi Mwanakheri wa Bwejuu ameleta mtoto wa kaka yake. Miaka minne, homa kali, anapumua kwa shida. Wazazi wake wote wawili wako Pemba kwenye karafuu. Jina, Silima Usi Mcha. Nikalileta faili upesi, tena kwa madaha – nene, safi, mahali pake hasa. Daktari Abrahman akafunua ukurasa wa mwisho, akanitazama. Imeandikwa amefariki, Machi 1965.

“Huyo kaka yake mtoto huyu,” akasema Bi Mwanakheri. “Huyu kazaliwa nyuma, kapewa jina lake. Faili la huyu liko jingine. Baba'ke ndo alomleta, mwaka jana.”

Aliumwa nini mwaka jana? Bi Mwanakheri hajui, wakati huo alikuwa kwa mumewe Mbweni.

Nikalikumbuka papo hapo. Jembamba, karatasi tatu nne, na juu ya jalada maandishi makubwa ya wino mwekundu, yamepigwa mstari. Kwetu wino mwekundu ni wa mgonjwa aliyekatazwa dawa fulani. Daktari alitaka kumchoma penisilini. Akaniuliza imekatazwa dawa gani. Sikumbuki! Niliona wekundu tu, sikusoma. Nilikuwa nimechoka.

Na mimi ni Mize wa pili. Wa kwanza alikuwa dada yangu, alikufa kwa surua kabla sijazaliwa, nikapewa jina lake. Jina moja, baba mmoja, kijiji kimoja. Katika watu wote wa hospitali ile, mimi ndiye wa kumwambia Bwana Duni kwamba amri yake ina kasoro. Haikunipitia kichwani hata mara moja. Nimelia chooni kama mtoto.

Sindano imewekwa kando. Simu ya maandishi imepelekwa Pemba kumuuliza baba yake, na redio itatangaza kesho saa saba.

Jumatano, 12 Agosti 1970

Naandika kwenye benchi, nje ya wodi. Mtoto hajafumbua macho tangu alfajiri. Dawa nyingine aliyopewa haikushusha homa. Tangazo limesomwa, Pemba kimya – huko kwenye mikarafuu redio ziko wapi? Miraji anachokoa majivu kwa kijiti tangu asubuhi, na pumu yake. Amepata pini tu.

Bi Mwanakheri ameketi nami. Ananiita mwanangu, amenigawia chai yake. Hajui. Ameambiwa faili limepotea, hakuambiwa limepotezwa na nani, na mimi nainywa chai.

Daktari alitoka saa nane. Alisema kwa sauti ya chini, ili Bi Mwanakheri asisikie: bila sindano mtoto hafiki jioni, na akichomwa, ikiwa ndiyo iliyokatazwa, hamalizi dakika kumi. Akaniambia nifumbe macho nilitazame jalada tena. Nimefumba. Labda neno lilianza na P. Labda naona P kwa sababu yeye ndiye aliyeitaja penisilini. Nimemwambia yote mawili.

Katoka tena. Amesimama mlangoni, sindano mkononi.

“Bi Mize,” anasema, “nimchome, nisimchome?”

Bi Mwanakheri ameweka kikombe chini. Anamtazama daktari, kisha ananitazama mimi. Anauliza kwa nini naulizwa mimi.