Badiliko la Kumi na Mbili

Uru, 4 Februari 2025

Mdogo wangu Ezra,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo na kazi za Nairobi? Huku tu wazima. Mgongo wa Mama umetulia, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Sikupigi simu, nakuandikia barua pepe, kwa sababu nataka maneno haya yabaki yameandikwa.

Jana Mama kaniuliza tena hiyo Pakia yetu ni kitu gani hasa. Nikamwambia ni programu tunayoigawa bure. Inafungasha programu za watu na kila kitu zinachohitaji ndani ya kontena moja, kama wapagazi wanavyofunga mzigo wa mgeni asije akakosa kitu huko juu mlimani. Tena kila toleo jipya likitoka, Pakia yenyewe inaandika orodha ya mabadiliko, watumiaji wajue tumegusa nini. "Kwa hiyo hamfichi kitu," akasema. Nikasema hatufichi.

Halafu nikaenda kuhakiki. Orodha ya toleo la Januari ina mabadiliko kumi na moja. Kwenye msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, yapo kumi na mawili. Hilo la mwisho limewekewa alama ya "kimya", ile tuliyoiweka kwa ajili ya vitu vidogo kama kusahihisha koma. Lakini limeandika upya mistari mia tatu, sehemu nzima inayokusanya mafaili ya kufungashwa! Mwandishi ni yule mchangiaji wako mpya, Sirili. Aliyepitisha ni wewe.

Sirili ni nani?

Dada yako,
Elinipendo

*

Nairobi, 5 Februari 2025

Shikamoo dada,

Mimi mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Mpe Mama pole ya mgongo.

Sirili ni kijana wa Iringa, anajitolea tu. Alikuwa anapanga msimbo vizuri. Alama ya kimya itakuwa aliiweka kwa bahati mbaya, na mimi sikuangalia. Usijisumbue nalo, dada. Tuna mambo makubwa zaidi ya kufanya.

Mdogo wako,
Ezra

*

Uru, 16 Februari 2025

Ezra,

Marahaba. Hatujambo, Mama anakusalimu.

Nimesoma mistari yote mia tatu, jioni baada ya jioni. Sijaona mlango wa mwizi, na hilo ndilo linanitisha, maana mwizi anayejua kazi haachi mlango wazi. Nimemwandikia Sirili mara tatu aniambie sababu. Kimya. Nimeomba tuzungumze kwa sauti, akasema kipaza sauti chake kibovu.

Kisha nikarudi kusoma maelezo yake ya zamani. Mwezi wa kumi mafaili yalikwama njiani, naye akaandika: "Mfongo umeziba, nimeuzibua." Mtu wa Iringa amejuaje kuuita mfereji mfongo? Hilo ni neno la huku kwetu, la watu wanaoamka alfajiri kwenda kufungulia migomba maji.

Nimekufungia ruhusa ya kutoa matoleo. Nikikosea nitakuomba radhi. Nijibu kama mtu anayemjibu dada yake.

Elinipendo

*

Nairobi, 9 Machi 2025

Shikamoo dada,

Nisamehe kwa wiki tatu hizi. Sikuumwa. Niliogopa.

Sirili ni mimi. Mkataba wangu wa kazi hapa unasema chochote nitakachoandika ni mali ya kampuni, hata nikikiandikia nyumbani. Nilishindwa kuiacha Pakia, nikajipa jina jingine.

Lakini badiliko nililolificha kwenye orodha halihusiani na mkataba. Mwaka jana, kabla ya mkataba, kwa jina langu, niliandika sehemu ya kukusanya mafaili kwa haraka. Ikawa inabeba na faili la nywila za mtumiaji na kulifungia ndani ya kontena. Niligundua Januari. Nikaziba, nikaandika upya mistari yote ili tundu lisionekane lilikuwa wapi, nikaweka alama ya kimya. Nilijiambia limekwisha, hakuna aliyeumia.

Mdogo wako,
Ezra

*

Uru, 10 Machi 2025

Ezra,

Nani kakwambia hakuna aliyeumia? Umeziba tundu la kesho. Makontena ya mwaka mzima bado yako hadharani, yeyote anayashusha, na nywila zimo ndani. Zahanati za huko chini tambarare zinaendesha daftari la wagonjwa kwa Pakia. Humo kuna watu wanaochukua dawa wasizotaka hata jirani azijue. Wangebadilisha nywila siku ileile kama orodha ingewaambia!

Ningeweza kuuandika mimi huo mstari unaokosekana kwenye orodha. Sitaki. Uandike wewe, kwa jina lako. Najua kampuni yako itausoma.

Zahanati naziambia leo, sitakusubiri.

Dada yako

*

Nairobi, 12 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Nimeuandika. "Toleo la mwaka jana lilifungia nywila ndani ya makontena. Kosa ni langu, na nililificha. Badilisheni nywila zote leo. Ezra." Niliusoma mara nyingi kabla ya kuutoa.

Leo asubuhi wameniita ofisini. Nimerudisha kompyuta yao.

Ezra

*

Uru, 15 Machi 2025

Mdogo wangu,

Pole. Nasema pole kwa moyo, ingawa bado nina hasira.

Jana nilikuwa zahanati ya tatu. Nywila tumebadilisha. Kuna mtu aliingia kwenye daftari lao mwezi wa kumi na moja, kutoka mahali tusipopajua. Alichosoma hatujui, na labda hatutajua. Yuditha, muuguzi mkuu, akaniuliza, "Aliyefanya hivi mnamfahamu?" Nikamwambia ni mdogo wangu wa tumbo moja. Akasema, "Basi aje atueleze mwenyewe. Sisi ndio tutakaowaambia wagonjwa."

Elinipendo

*

Moshi, 19 Machi 2025

Shikamoo dada,

Nimeshuka basi saa nne, nikaenda zahanati moja kwa moja kabla ya kupanda nyumbani. Nimewaeleza yote, na jina la Sirili pia. Yuditha amenipa kiti. Mkono hakunipa. Sasa wameita mgonjwa wa kwanza, na Yuditha amesema nibaki nimwambie mimi.

Mwambie Mama nitachelewa.

Mdogo wako,
Ezra