Mgeni Haonjeshwi Chumvi

Mama Lugano,

Nimeona nikuandikie, maana kazi uliyonipa pale hospitali nimeimaliza, na wewe hukupenda kuachwa bila taarifa. Huu ni mwaka wa nne tangu ututoke. Sherehe za milenia umezikosa, hukukosa kitu. Bado nakaa hapahapa Ilford, London, goti la kushoto ni lilelile, na ndizi sasa napika mwenyewe.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya kabichi? Misun, mkamwana wetu, mke wa Lugano, alikuwa jikoni pamoja nawe, mnayapaka majani ya kabichi pilipili ya kwao Korea. Nikaingia kutafuta miwani. Akakunja jani moja kwa vidole, akalisogeza mdomoni mwangu: "Abonim, gan jom bwa juseyo." Abonim ni baba, hayo mengine sikuyajua. Mimi wa Rungwe, niliyekulia mahali ambapo mkamwana hapiti hata mbele ya baba mkwe wake, nilishwe naye kama kinda la ndege? Nilirudi kinyumenyume hadi sebuleni, nikafunga mlango. Ukanifuata ukicheka: "Mzee mzima unakimbia kabichi!" Misun hakucheka. Tangu siku ile hakukanyaga tena jikoni kwetu. Akija, alikaa kwenye kochi na mkoba mapajani, kama mtu anayemsubiri daktari.

Wiki yako ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Mwambie yule mtoto hukumkimbia yeye." Nikakubali. Sikumwambia. Nimefundisha miaka thelathini, nikashindwa na sentensi moja.

Mwaka jana nilipanda treni hadi New Malden, kwenye maduka ya Wakorea, nikamwuliza mama mmoja muuza duka maana ya yale maneno. Nikueleze, maana ni jambo zuri kulijua. Wana kitenzi cha kuonja chochote, matboda. Hicho hata mgeni huambiwa. Kisha wana hiki alichotumia Misun, gan boda, kuonja ili kupima kama chumvi imekolea, chakula kikiwa bado mikononi mwa mpishi. Yule mama alisema kwao mgeni haombwi hivyo. Mgeni huletewa chakula kilichokwisha kupimwa. Anayeombwa ni mtu wa nyumbani.

Nilikaa kwenye benchi la stesheni, nikaacha treni mbili zipite. Misun alikuwa ananiita wa nyumbani, nami nikamfungia mlango.

Basi nikajifunza kulisema neno lile. Mara ya kwanza nililitoa mezani, nimevaa koti, chakula kimeshapakuliwa, kama mtu anayehutubia. Misun akasema asante kwa adabu, akaendelea kula. Nilikosea mahali. Mezani habari ya chumvi imeshakwisha. Neno hili ni la jikoni.

Mwezi uliopita alikuja peke yake kuniletea dawa. Nilikuwa napika ndizi kwa maharage, zimeanza kushika chini, na miwani imejaa mvuke. Nikasikia hatua zake kwenye korido. Sikufikiri. Nikanyoosha mwiko mlangoni: "Misun, gan jom bwa!"

Akasimama. Kisha akaingia, akapokea mwiko, akadondoshea mchuzi kiganjani kama ulivyomfundisha, akalamba.

"Chumvi bado, Baba. Bado sana. Miaka yote hii unakula hivi?"

Hapo ndipo nikamweleza yote: Rungwe, mila, mlango, aibu yangu. Akaweka mwiko chini.

"Nilidhani mikono yangu inakutia kinyaa."

"Hapana, mwanangu. Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Sasa ndipo unaniambia?" Alicheka kidogo, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Kisha akaanza kufungua kabati moja baada ya jingine akitafuta chumvi. Hakujua siku hizi naiweka wapi. Nilitaka kumwonyesha, nikajizuia. Nikamwacha aitafute, afungue kila mlango, kama mtu aliye kwao.

Lala salama, mke wangu. Umenisubiri mno kwa jambo dogo. Nakuahidi hivi: nikimkosea tena mtu wa nyumba hii, nitamwambia siku hiyohiyo, kwa lugha yoyote nitakayoipata.

Mzee wako