Boga Tulilolibatiza Olmotonyi

Dada Rehema, shikamoo.

Huku Olmotonyi ukungu wa Meru huingia darasani taratibu kama mwanafunzi aliyechelewa, ubao ukapotea, mwalimu akabaki sauti tu. Leo sisi wanafunzi wa uchungaji tulijifunza kubatiza. Mtoto wetu alikuwa boga lililofungwa kanga. Nikalipakata, zito kama mtu, nikalimwagia maji.

“Mchungaji, mtoto wako mtulivu kweli!” mwalimu akasema, wenzangu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nilimkumbuka mwanao wa kwanza, aliyezaliwa kimya.

Dada, huyo unayemngoja sasa nitambatiza mimi. Na alie! Arushe mateke, anilowanishe joho, waliokaa nyuma wasisikie hata neno langu moja.

Mdogo wako,
Elia