Habari za Tigre na za Mama

Bagira, Kasha

Yaya wangu Bienfait,

Nakusalimu, kaka yangu mkubwa, kutoka nyumbani kwa heshima na kwa hamu kubwa ya kukuona. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Maman Nyota pamoja na watoto, na kwamba joto la Kalemie halijawachosha. Huku mvua imerudi, njia za Kasha zinateleza kama sabuni, lakini nyumba ingali imesimama nasi tuko ndani yake. Mimi ni mzima. Habari za Mama nitakuandikia polepole, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Kwa simu nisingeweza, kwa sababu Mama huketi karibu nami na kusikia kila neno. Colette, binti wa shangazi, anashuka Uvira kupanda meli ya kuja kwenu, naye ameahidi kukupa barua hii mkononi mwako.

Uliniuliza mara ya mwisho kama imbwa wako Tigre amezoea garderi, kule anakoshinda mchana. Nilikujibu kwa kifupi kwamba tunaendelea kujaribu. Sasa nikueleze yote.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Ulipohamia Kalemie ulimwacha Tigre akiwa bado hajamaliza kukua, na akakua mpaka akisimama kwa miguu ya nyuma ananifikia mabegani. Wewe ulikuwa ukikimbia naye asubuhi mpaka juu kwenye misitu ya mikaratusi. Baada yako hakuna aliyekimbia naye. Mimi nilikuwa nashinda kazini kwenye duka la dawa mjini, Mama anabaki peke yake, na imbwa mwenye nguvu zote zile anazunguka ndani ya ukuta wa lupango mchana kutwa. Alichimba chini ya ukuta. Akajifunza kuuruka. Papa Floribert, jirani yetu wa chini, alikuja kulalamika kwamba siku moja imbwa huyo ataua mtu.

Halafu Mama akaanguka na kuvunjika mkono. Aliniambia kwamba Tigre ndiye aliyemvuta akamwangusha kando ya barabara, nami nikakupigia simu nikakwambia vile vile. Ukakasirika. Ulisema nimtafutie mahali pa kushinda, au nimtoe kabisa, kwa sababu Mama ni mmoja tu. Sikukupinga, Yaya. Hata mimi siku ile nilimwangalia yule imbwa kwa chuki.

Ndipo nikasikia habari za Fabiola. Ni muganga wa wanyama, na amefungua uwanja kando ya barabara ya kushuka mjini, ambapo watu wenye kazi huacha imbwa zao asubuhi na kuzichukua jioni. Papa Floribert alicheka sana. Alisema, "Watoto ya watu wanakosa garderi, sasa imbwa ndiyo iko na yake!" Nilicheka naye, lakini nilikwenda.

Fabiola hakumpokea haraka. Aliuliza kama amechanjwa kichaa cha imbwa, kama amewahi kuuma, kama anaogopa radi, na anafanyaje akikutana na imbwa asiyemjua. Alimweka kwanza na imbwa jike mzee na mtulivu, akasimama akiwatazama. Baadaye akamwachia wengine wakubwa kama yeye, akawatenga wadogo, maana Tigre akicheza hugonga kama gari. Alisema tujaribu, tena nisiamini siku za kwanza, kwa kuwa imbwa mgeni anaweza kuonekana mtulivu kumbe ameshangaa tu.

Mimi niliziamini siku za kwanza. Jioni Tigre alirudi amechoka, anakula, analala kama gunia. Lupango likawa kimya, nami nikafurahi kwamba tumepata dawa.

Lakini kadiri siku zilivyopita akaanza kukataa njia. Tukikaribia mlango wa Fabiola alikuwa anaketi chini, na uzito wake unaujua. Ndani hakucheza tena. Aliwasukuma wenzake kwenye kona kama mtu anayekusanya mbuzi, kisha akarudi langoni kubweka mpaka sauti ikamkauka. Pua yake ilichubuka kwa kuisugua kwenye vyuma vya lango. Jioni moja Fabiola aliniketisha chini. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu yalinikaa moyoni.

"Ghislaine, hii imbwa haiko mubaya. Kuko imbwa za nguvu zenye kupenda hapa, zinacheza, zinarudi na furaha. Hii yako haichezi. Inangojea. Kule nyumbani ilikuwaka inafanya kazi gani muchana?"

Nikamwambia hakuwa na kazi yoyote, alikuwa akiruka ukuta tu. Fabiola akatikisa kichwa, akasema imbwa wa aina hii harukiruki ukuta bila sababu, na kwamba nijue kwanza alikuwa anakwenda wapi. Nilirudi nyumbani nimekasirika kidogo, nikidhani ananilaumu.

Jibu lilikuja siku chache baadaye. Nilikuwa nahudumia watu pale dukani, Lucie akanipigia. Lucie ni yule mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, barabarani, huenda unamkumbuka. Aliniambia nipande haraka, kwamba Mama yuko kwenye barabara ya Kalehe anasimamisha magari na kuomba apelekwe Bunyakiri, kwa baba yake. Yaya, wewe na mimi tulikuwa pamoja kwenye maziko ya babu.

Nilitafuta pikipiki, nikamkuta ameketi juu ya jiwe, kitenge kimelowa, mguu mmoja hauna kiatu. Lucie alikuwa amemshika mkono asiingie barabarani. Nilimwita, akaniangalia kwa adabu kama unavyomwangalia mtu usiyemjua. Aliniuliza mimi ni binti wa nani. Nilisema, "Mama, ni mimi, Ghislaine." Akanijibu kwamba Ghislaine bado ni mtoto, yuko nyumbani, na kwamba ana haraka ya kufika kwa baba yake kabla mvua haijanyesha. Nilimdanganya kwamba nitamtafutia gari. Hivyo ndivyo nilivyoweza kumrudisha.

Tulipofika, Papa Floribert alikuwa mbele ya nyumba yake. Hakucheka siku hiyo. Aliuliza imbwa iko wapi. Nilipomwambia iko garderi, akasema, "Ah, ni kwa sababu hiyo. Ile imbwa ndiyo ilikuwaka inamufuata. Maman akitoka, nayo inaruka. Inatembea mbele yake, inamuzuia, mpaka anachoka anarudia nyumba. Mi nilizania munajua."

Lucie naye akanieleza siku ya kuvunjika mkono. Mama alikuwa anateremka barabarani na lori linakuja. Tigre alikingama mbele ya miguu yake na kukataa kusogea, Mama akajikwaa juu yake akaangukia mkono, lori likapita. Lucie alisema hajui kama imbwa anaelewa lori ni kitu gani. Alisema tu kwamba hakutaka Mama aendelee mbele.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo niliapa kutokuandikia.

Jioni ya siku hiyo akili za Mama zilirudi. Alitazama kiatu kimoja mkononi mwangu akaelewa. Alilia, Yaya. Sijawahi kumwona akilia vile tangu Papa afariki. Akaniambia kwamba amejua muda mrefu. Kuna wakati anajikuta barabarani na hajui ametoka nyumbani saa ngapi, na Tigre amesimama mbele yake. Alipoanguka aliona aibu, akasema ni imbwa. "Nilisingizia imbwa yenye haiwezi kusema," aliniambia. "Niliogopa mutaniona mujinga. Niliogopa Bienfait ataacha kazi yake juu yangu." Alinishika mkono akaniomba nisikwambie. Niliapa mbele yake, na leo nakuandikia. Mungu anisamehe, na wewe ukija usimkaripie kwa kunificha, wala mimi kwa kutoona.

Nimempeleka kwa daktari. Alizungumza naye kwa upole, akamwuliza mambo mengi, baadaye akaniambia mimi nikiwa peke yangu kwamba ni ugonjwa wa kusahau, ambao unatembea mbele tu. Kuna dawa za kumtuliza. Za kumrudisha hakuna.

Kuhusu Tigre, nimemtoa garderi. Fabiola alikubali kabla sijamaliza kueleza. Garderi yake ni nzuri kwa imbwa wengine, si kwa huyu wetu. Mimi sasa naamka mapema napanda naye mikaratusini, napumua kama mzee, lakini akirudi ametulia. Mchana Ornella, mjukuu wa shangazi, anashinda na Mama, na Fabiola amemfundisha kumtembeza Tigre kwa kamba ndefu, Mama akiwa kati yao. Mama akipenda kutoka, wanatoka wote, wanazunguka mpaka kanisani, wanarudi.

Lakini sitaki kujidanganya, Yaya. Tigre ni imbwa. Ornella ni msichana ambaye kesho ataolewa. Mama anahitaji watoto wake. Siku nyingine ananiita Malaika, jina la dada yake aliyekufa. Jina lako bado hajalipoteza. Kila mchana, saa za wanafunzi kutoka shule, anasogeza kiti mlangoni na kuuliza kama Bienfait amerudi. Mimi namjibu kwamba uko njiani, naye anaridhika, anangoja.

Tafadhali, Yaya, usiniache niwe muongo.

Msalimie sana shemeji Nyota, wabusu watoto kwa niaba ya bibi yao. Papa Floribert na Lucie wanakusalimu, na Ornella pia. Colette atakaa Kalemie juma zima kabla ya kurudi. Ukiweza, rudi naye.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,

Ghislaine